Kituo Kidogo cha Redio ya Ridhaa Nje ya Nyumba: Kununua, Kusimamisha na Kutumia kwa Usalama

SOMO LA SITA

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza redio ya ridhaa ni nini na nani anaruhusiwa kuitumia. Kununua redio, betri na antena bila kudanganywa. Kusimamisha kituo kidogo mlimani, shambani au ufukweni pasipo kuhatarisha maisha. Na kuwasiliana kwa adabu inayokubalika duniani.

Kifaa hiki hakimo katika kila nyumba kama ilivyo simu au king'amuzi. Hata hivyo, mtu akikinunua bila maarifa hupoteza fedha, akikitumia bila leseni hutenda kosa, na akikisimamisha bila hadhari huweza kupoteza uhai. Ndiyo maana kimetengewa somo lake.

1. Redio ya ridhaa ni nini?

Kanuni za Kimataifa za Redio, zinazosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU), zinaitambua redio ya ridhaa kuwa huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi. Wanaoiendesha ni watu walioidhinishwa, wanaopenda ufundi wa redio kwa ajili ya nafsi zao, pasipo kutafuta faida ya fedha.

Kutokana na maelezo hayo, mambo kadhaa hayaruhusiwi. Redio ya ridhaa haitumiki kuendeshea biashara, iwe ya teksi, ulinzi au uwakala. Haitumiki kurusha muziki wala matangazo kwa umma. Tena, mazungumzo baina ya vituo vya nchi mbalimbali hayafichwi kwa msimbo wa siri. Mtu yeyote mwenye kifaa cha kupokea anaweza kuyasikia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Msimbo wa Morse si siri, kwa kuwa herufi zake zinajulikana kwa wote.

Kila mwenye leseni hupewa ishara ya wito, ambayo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu usiofanana na wa mtu mwingine duniani. Ishara za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X na za Burundi 9U. Anayesikia ishara hiyo hujua mara moja sauti inatoka nchi gani. Mwenye leseni hulazimika kuitaja mara kwa mara anapokuwa hewani.

2. Kwa nini nguvu ndogo, na kwa nini nje?

Kituo cha nguvu ndogo ni kile kinachorusha wati 5 au pungufu kwa Morse. Kwa sauti, wengi hukubali hadi wati 10. Wanaredio hukiita QRP, neno lililotoka katika orodha ya vifupisho vya watuma simu za upepo, lenye maana ya kupunguza nguvu.

Msomaji atauliza: wati 5 zitafika wapi, ilhali hata balbu ya chumbani hutumia zaidi? Jibu limo katika hesabu. Redio ya nyumbani hurusha kwa kawaida wati 100. Kushuka kutoka wati 100 hadi wati 5 ni kupungua mara 20, yaani desibeli 13. Sikio la redio hupima nguvu ya mawimbi kwa ngazi kuanzia 1 hadi 9, na kila ngazi ni desibeli 6. Basi kituo kilichosikika kwa ngazi ya 9 kikiwa na wati 100 kitasikika karibu na ngazi ya 7 kikiwa na wati 5. Nguvu imepungua mara 20, lakini msikilizaji amepoteza ngazi mbili na kitu tu. Hewa ikiwa tulivu, mazungumzo yataendelea.

Utulivu huo wa hewa ndio sababu ya kutoka nje. Mjini, chaja za simu, taa za LED za bei nafuu na vidhibiti vya sola hutoa vumi la umeme linalofunika sauti hafifu. Juu ya kilima au katika ufukwe ulio wazi vumi hilo hutoweka. Kituo kidogo kwenye mahali patulivu mara nyingi husikia vyema kuliko kituo kikubwa kilichozungukwa na kelele.

3. Leseni kwanza, redio baadaye

Huu ndio utaratibu ambao wanunuzi wengi huugeuza, na hasara huanzia hapo.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari mkoani Tanga anataka kuwaonesha wanafunzi wake jinsi mawimbi yanavyosafiri. Anaona redio nzuri kutoka ng'ambo, analipa, kisha anaanza kuuliza habari za leseni. Mzigo unafika forodhani. Anaulizwa kibali cha kifaa kinachorusha mawimbi, hanacho. Siku zinapita, gharama za kuhifadhi mzigo zinaongezeka, na muuzaji wa ng'ambo hana wajibu tena. Laiti angeanza na leseni, fedha zake zingesalimika.

Hatua zinazofaa ni hizi:

a) Wasiliana na mamlaka ya mawasiliano ya nchi unayoishi. Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA). Uliza masharti ya leseni ya redio ya ridhaa, ada, na masafa unayoruhusiwa.

b) Kabla ya kulipia redio, uliza ikiwa aina hiyo inakubalika na ni kibali gani kinahitajika kuiingiza nchini. Hifadhi jibu kwa maandishi.

c) Mgeni mwenye leseni ya nchi nyingine asidhani kwamba leseni hiyo inatosha. Aombe ruhusa kabla ya safari.

d) Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena kila mwombaji kufaulu mtihani wa Morse; uamuzi umeachiwa kila nchi. Usikate tamaa kwa sababu hiyo.

Jihadhari hasa na redio za mkononi za bei ya chini zinazoweza kurusha katika masafa mengi bila kizuizi. Redio kuweza kurusha katika masafa fulani hakukupi haki ya kuyatumia. Masafa ya polisi, ndege, meli na huduma za dharura si mahali pa majaribio. Mtu akiyaingilia anaweza kuzuia wito wa kuokoa maisha.

4. Kununua vifaa

Kituo kidogo kina sehemu nne: redio, betri, antena na kebo inayoviunganisha. Wauzaji husifia redio. Mnunuzi mwenye hekima huchunguza betri.

Redio. Chagua yenye bendi chache utakazozitumia, badala ya yenye vitufe vingi usivyovijua. Omba kuijaribu dukani: isikilize, hakikisha kioo kinasomeka juani, na uulize inakula ampia ngapi inapopokea na inaporusha. Ikiwa imetumika, itazame ndani ya tundu la betri. Kutu ya kijani ni dalili ya unyevu. Dai risiti yenye jina la kifaa na namba yake ya utambulisho.

Betri. Tuseme redio inakula ampia 0.4 inapopokea na ampia 2 inaporusha. Katika saa moja, mtumiaji hurusha kwa robo saa na kusikiliza kwa dakika 45. Matumizi yake ni:

kurusha: 2 × 0.25 = 0.5
kusikiliza: 0.4 × 0.75 = 0.3
jumla: ampia-saa 0.8 kwa kila saa.

Betri ya lithiamu ya ampia-saa 4, ikiachiwa akiba ya moja ya tano, itaendesha kituo hicho kwa saa 4. Betri ya risasi ya ampia-saa 7 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo itatoa takriban muda uo huo, nayo ni nzito zaidi ya maradufu. Anayebeba mzigo mgongoni kupanda mlima ataielewa tofauti hiyo kabla hajafika kileleni.

Lebo ya betri si ushahidi. Betri ya lithiamu yenye kinga ya ndani unaweza kuipima mwenyewe: ichaji ijae, kisha iunganishe na balbu ya taa ya kuoneshea kona ya pikipiki, ya volti 12 na wati 10. Balbu hiyo hula karibu ampia 0.8. Betri ya kweli ya ampia-saa 4 itaiwasha kwa karibu saa 5. Ikizima baada ya saa 2, umeuziwa chini ya nusu ya ulicholipia. Fanya kipimo hicho juu ya sakafu ya saruji, mbali na vitu vinavyoshika moto, na usiondoke. Balbu hupata moto. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, kwa maana utayahitaji maandishi hayo ukirudi dukani.

Mambo matatu zaidi kuhusu umeme. Kwanza, weka fyuzi kwenye waya chanya karibu kabisa na betri. Kwa redio ya ampia 2, fyuzi ya ampia 3 hadi 5 inatosha. Pili, usigeuze chanya na hasi, kwani redio nyingi huungua papo hapo, na uharibifu huo kwa kawaida haumo katika dhamana. Tatu, usiunganishe paneli ya sola moja kwa moja na redio. Paneli inayoitwa ya volti 12 huweza kutoa zaidi ya volti 20 ikiwa juani bila mzigo, ilhali redio nyingi zimetengenezwa kwa volti zipatazo 13.8. Paneli ipitie kwenye kidhibiti chaji, kidhibiti kichaji betri, na betri ndiyo iendeshe redio. Chaja na kidhibiti viwe vya aina ileile ya betri; cha betri ya risasi hakifai kwa lithiamu mpaka maelekezo yake yaseme hivyo.

5. Antena: kitu cha bei ndogo chenye kazi kubwa

Mtumiaji hana haja ya kununua antena ya gharama. Waya wa shaba uliopimwa vizuri hufanya kazi kuliko antena fupi ya kupendeza. Antena rahisi kuliko zote ni ya mikono miwili, yenye urefu wa nusu ya wimbi. Kanuni yake ni kugawa 143 kwa masafa ya megahezi; jibu ni urefu wote kwa mita.

Megahezi 7.1: mita 20.1, kila mkono mita 10.07
Megahezi 14.2: mita 10.1, kila mkono mita 5.04
Megahezi 21.2: mita 6.7, kila mkono mita 3.37
Megahezi 28.4: mita 5.0, kila mkono mita 2.52

Kata kila mkono ukiongeza sentimita 20 hivi, kwa sababu waya mrefu hupunguzika lakini mfupi haurefuki. Unganisha uzi wa katikati wa kebo na mkono mmoja, na wavu wa nje wa kebo na mkono wa pili. Ncha za mbali zifungwe kwenye vipande vya plastiki. Hata kipande cha chupa kinafaa. Kutoka kwenye plastiki ndipo ianze kamba.

Inua katikati ya antena kwa mwanzi mkavu au mlingoti wa mita 6 au 7, na uteremshe mikono kila upande kama paa la kibanda. Pembe kati ya mikono isipungue nyuzi 90. Ncha ziwe juu kuliko mkono wa mtu mzima unavyoweza kufika, kwa maana katika ncha ndiko volti huwa kubwa wakati wa kurusha. Ikiwa unatumia mti, rusha mshipi wa samaki wenye chubwi juu ya tawi, kisha uvute kamba. Kabla ya kurusha hakikisha hakuna mtu upande wa pili.

Kisha pima kiasi cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Redio nyingi zina kipimo hicho ndani. Kikisoma karibu na 1, antena imelingana. Kikizidi 2, simama urekebishe. Ikiwa kipimo ni kizuri zaidi chini ya masafa unayoyataka, waya ni mrefu: punguza sentimita chache kila upande. Ikiwa ni kizuri zaidi juu yake, waya ni mfupi: ongeza. Kurusha kwa muda mrefu kwenye antena isiyolingana huweza kuiunguza redio.

6. Mahali na wenyeji

Kilima kilicho wazi, ukingo wa bahari, na uwanda usio na majengo ni mahali pazuri. Lakini mahali pazuri pana wenyewe. Hifadhi za taifa zina mamlaka yake, na misitu ya hifadhi husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Omba ruhusa kabla ya kwenda. Usikaribie kambi za jeshi, viwanja vya ndege wala mitambo ya mawasiliano.

Kijijini, anza katika ofisi ya serikali ya kijiji. Mgeni anayetandaza nyaya mlimani huku akinong'ona tarakimu kwenye kisanduku hutiliwa shaka, na shaka hiyo si ya kulaumiwa. Turudi kwa mwalimu wetu, ambaye sasa ana leseni na redio iliyokombolewa. Anapofika kijijini, kabla ya kufungua begi, anamwendea mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Naambiwa umekuja na nyaya."

"Ndiyo, mzee. Ni redio ya ridhaa. Leseni yangu hii hapa, na barua ya shule hii. Naomba kukaa kilimani hadi saa tisa alasiri, pamoja na wanafunzi wanane."

"Utakata miti?"

"Hapana, mzee. Nitafunga kamba tu, na nitaifungua jioni."

"Basi mchukue na kijana wetu mmoja awaoneshe njia. Naye apate kujifunza."

Mazungumzo ya dakika mbili yamemwepushia mwalimu usumbufu wa siku nzima, na kijiji kimepata mwanafunzi mmoja. Beba nakala ya leseni kila utokapo, na ukiondoka usiache kipande cha waya. Ng'ombe hukimeza na kufa.

7. Hatari mbili zinazoua

Nyaya za umeme. Kamwe usisimamishe antena karibu na nyaya za umeme. Chukua urefu wa mlingoti pamoja na waya wake, uzidishe mara mbili. Huo ndio umbali mdogo kabisa wa kukaa. Usirushe kamba wala mshipi mahali ambapo ukipeperushwa na upepo unaweza kuangukia nyaya. Nyaya za usambazaji zinazopita juu ya nguzo za miti vijijini huwa na volti 11,000 au 33,000, na umeme wa kiasi hicho huweza kuruka kabla waya wako haujagusa. Ikiwa antena imeangukia nyaya, usiivute na usiiguse, hata kama redio ina thamani kubwa. Waondoe watu wote mbali na uwaite TANESCO. Redio hununuliwa tena.

Radi. Waya ulioinuliwa kileleni ni mwaliko kwa radi. Nyakati za masika na vuli mawingu hujengeka mchana, na anayepanda asubuhi kukiwa na jua huweza kushuka katika ngurumo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari. Ukiwa kilimani, hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Hesabu ikipungua sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Acha kila kitu, teremka, ingia ndani ya jengo imara au gari lenye paa la bati. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Redio yenyewe hutoa onyo la mapema: mikwaruzo inayozidi kwenye spika ni radi zilizo mbali ambazo sikio bado halijazisikia. Usingoje kuziona.

Hatari ndogo nazo zisisahauliwe: jua kali, kiu, nyoka katika mawe, na kamba ambazo mtu hujikwaa. Funga vitambaa vyekundu kwenye kamba. Kaa mita 2 au zaidi kutoka kwenye waya unaporusha, na usimruhusu mtoto kuugusa. Mwambie mtu nyumbani uendako na saa ya kurudi.

8. Ukiwa hewani

Kuchagua bendi. Mawimbi ya redio hizi hupanda angani, hugonga tabaka liitwalo ionosfia, na kurudi ardhini. Tabaka hilo hubadilika kwa saa na kwa misimu. Mchana, megahezi 7 hufaa kwa mamia ya kilomita, kwa mfano kati ya mikoa au nchi jirani. Megahezi 14 na 21 hufika Ulaya na Asia. Megahezi 28 hutegemea sana shughuli za jua, zinazopanda na kushuka katika mzunguko wa takriban miaka 11. Mwaka mmoja huvuka mabara kwa wati 5, mwaka mwingine hukaa kimya. Usiku megahezi 7 huenda mbali kuliko mchana.

Adabu. Sikiliza kwanza. Kisha uliza mara mbili kama masafa yanatumika, ukitaja ishara yako. Usipojibiwa, ita kwa wito wa jumla, CQ, ukirudia ishara yako polepole. Herufi husomwa kwa alfabeti ya kimataifa: H ni Hotel, Z ni Zulu, T ni Tango. Mwenye nguvu ndogo hufanikiwa zaidi kwa kumjibu anayeita kuliko kuita mwenyewe, kwa kuwa anayeita tayari ameonesha kwamba anasikika. Katika megahezi 14.060 kwa Morse na 14.285 kwa sauti hukutana wapenzi wa nguvu ndogo, wenye subira na sauti hafifu.

Ripoti. Kila upande humweleza mwenzake anavyosikika: tarakimu ya kwanza, 1 hadi 5, ni ya kueleweka, ya pili, 1 hadi 9, ni ya nguvu. Toa ripoti ya kweli. Kumpa kila mtu 59 kwa heshima ni kumnyima habari aliyoitafuta.

Saa. Mawasiliano yote huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili ana njia nyepesi. Mchana, ongeza 3: saa nne na robo asubuhi ni 07:15, saa kumi jioni ni 13:00. Usiku, ongeza 15: saa moja usiku ni 16:00, saa tano usiku ni 20:00. Baada ya saa sita usiku na kabla ya saa tisa usiku, tarehe yetu imekwisha badilika lakini ya UTC bado ni ya jana. Andika katika daftari tarehe, saa, masafa, ishara ya uliyezungumza naye, na ripoti mbili. Ukitokea mgogoro kuhusu nani aliingilia masafa ya nani, daftari hilo ndilo shahidi wako.

9. Wakati wa dharura

Kituo kidogo si badala ya simu. Penye mtandao, piga 112 kwanza. Lakini pasipo mtandao, wati 5 zinaweza kuwa njia pekee. Mtu aliye katika hatari ya uhai atamke neno Mayday mara tatu, ataje ishara yake, mahali alipo, kilichotokea, idadi ya watu na msaada anaouhitaji, kisha asikilize. Mashirika ya wanaredio yamekubaliana vituo vya kukutania wakati wa dharura, miongoni mwake megahezi 7.110, 14.300 na 21.360. Ukisikia wito wa namna hiyo, nyamaza, andika kila neno, na usijibu juu ya mwingine aliye karibu zaidi. Ikiwa hakuna anayejibu, jibu wewe, kisha upeleke habari kwa wahusika.

Kutoa wito wa uongo ni kosa zito. Aidha, usiitumie betri yote kwa mazungumzo ya starehe; akiba ya moja ya tano tuliyoitaja ni kwa ajili ya saa ambayo hukuitarajia.

10. Ukiuziwa kifaa kibovu

Rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti, kifaa chenyewe na maandishi ya kipimo ulichofanya. Eleza dai lako kwa barua, na ubaki na nakala. Usikifungue kifaa wala kumpa fundi wa mtaani kabla ya hapo, kwa maana dhamana huweza kubatilika. Asipokusikiliza, nchini Tanzania malalamiko kuhusu bidhaa bandia au zenye kasoro hupelekwa Tume ya Ushindani, na yale ya leseni au kuingiliwa kwa masafa hupelekwa TCRA.

Nawe usiwe chanzo cha malalamiko ya jirani. Akisema televisheni yake inakatika unaporusha, acha kurusha, mchunguze pamoja, na urekebishe.

Muhtasari

Leseni hutangulia redio. Betri hupimwa, haisomwi lebo tu. Waya mrefu uliopimwa ni bora kuliko antena fupi ya gharama. Nyaya za umeme na radi hazina msamaha. Wenyeji huombwa ruhusa, na masafa husikilizwa kabla ya kutumiwa.

Maswali ya kujipima

1. Antena ya nusu ya wimbi kwa megahezi 18.1 ina urefu gani?
2. Redio inakula ampia 0.3 ikipokea na ampia 1.5 ikirusha. Kwa kurusha robo saa katika kila saa, betri ya lithiamu ya ampia-saa 3 itadumu muda gani ukiacha akiba ya moja ya tano?
3. Umezungumza na kituo cha mbali saa mbili na nusu usiku. Utaandika saa ngapi ya UTC?
4. Umeona mwanga wa radi na kusikia mngurumo baada ya sekunde 18. Radi iko umbali gani, nawe utafanya nini?

Majibu

1. Mita 7.9, yaani kila mkono mita 3.95.
2. Matumizi ni 0.375 na 0.225, jumla ampia-saa 0.6 kwa saa. Betri inatoa ampia-saa 2.4, itadumu saa 4.
3. 17:30.
4. Takriban kilomita 6. Utaacha kila kitu, utashuka na kujikinga ndani ya jengo au gari, na hutarudi kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.